Kumchagua mtu wa kukutengenezea tovuti: msome kabla ya kutazama picha zake

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Paje, Zanzibar, alinipigia simu miaka michache iliyopita akiwa amechoka. Tovuti aliyokuwa nayo ilikuwa ya tatu ndani ya miaka minne, na ilipendeza kweli: bahari ya kijani, ngalawa, maneno yanaingia kwa kuteleza kutoka kushoto. Lakini bei za vyumba zilikuwa zimeandikwa ndani ya picha, kwa hiyo kwenye simu zilionekana kama punje za mchele, na msimu ukibadilika hakuna aliyeweza kuzirekebisha isipokuwa yule aliyeitengeneza picha. Maelezo ya namna ya kufika Paje kutoka bandari ya Malindi, mjini Unguja, hayakuwepo popote. Tulipochunguza jina la tovuti, tukakuta limesajiliwa kwa jina la kijana aliyeifanya kazi, na namba ya kijana huyo haikuwa ikipatikana tena.

Nilimuuliza alimpataje. Akasema, "Alinionyesha picha za kazi zake kwenye simu, nikazipenda."

Niko kwenye kazi hii mwaka wa 14 sasa, hapa Dar es Salaam. Natengeneza tovuti, na kwa miaka ya karibuni nachagua pia wabunifu wengine wa kufanya nao kazi ninapozidiwa. Nimekosea uchaguzi mara kadhaa, na karibu kila mara kosa lilikuwa lile lile la mama wa Paje: niliangalia sura ya kazi, sikuuliza ilifikiriwaje. Utaratibu ninaoueleza hapa ndio ninaoutumia leo, kwa mpangilio huu huu.

Hatua ya kwanza: karatasi moja, kabla hujamtafuta mtu

Chukua karatasi, andika kwa mkono, kwa lugha unayoongea kila siku. Jibu swali moja: mtu akifungua tovuti yangu, amekuja kufanya nini?

Usiandike "tovuti ya kisasa yenye mvuto". Maneno hayo hayamwelekezi mtu popote. Nilipokaa na yule mama, karatasi yake ilitoka hivi: mgeni anataka kujua bei ya chumba pamoja na kifungua kinywa, anataka kujua atafikaje kutoka bandarini au uwanja wa ndege, na teksi ni shilingi ngapi, anayekuja kucheza na tiara za baharini (kitesurfing) anataka kujua upepo, yaani kaskazi ya Desemba hadi Machi na kusi ya Juni hadi Septemba, na anataka kuuliza nafasi kwa WhatsApp bila kujaza fomu. Mambo manne. Tovuti zake zote tatu hazikuwa zimejibu hata mawili.

Chini ya karatasi hiyo andika vitu utakavyovileta wewe: maandishi, picha, nembo, orodha ya bei. Kazi nyingi nilizowahi kuona zikichelewa zilichelewa hapa. Mbunifu anamaliza kurasa na kuzijaza maneno ya Kilatini yasiyo na maana, ya kushikia nafasi tu, kisha miezi miwili inapita akisubiri mwenye biashara aandike aya tatu kuhusu huduma zake. Maneno yakifika hayatoshi mahali yalipotengewa, kila kitu kinaanza upya. Ukiweza kuandika hata rasimu mbovu kabla ya kumwona mbunifu, umeokoa wiki kadhaa na pesa.

Karatasi hiyo inaweza pia kukuonyesha kwamba tovuti huihitaji kwa sasa. Fundi cherehani wa Sinza ambaye wateja wake wote humpata Instagram na kumalizana naye WhatsApp anaweza kutosheka na kuweka duka lake kwenye ramani ya Google, lenye saa za kazi na namba sahihi. Nimewahi kumrudisha mteja na pesa yake kwa sababu hiyo, na mwaka uliofuata alirudi akiwa na sababu ya kweli.

Hatua ya pili: soma wanavyoandika

Hapa nitakaa zaidi, maana ndipo watu wengi hawapiti kabisa.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika ubunifu wa tovuti methali hii imewapoteza wengi. Kilicho chema kwenye tovuti mara nyingi hakionekani: ni swali la fomu lililofutwa kwa sababu watu walikuwa wakiishia hapo, ni herufi iliyokuzwa kwa ajili ya mzee mwenye miwani, ni ukurasa mzima uliotolewa. Mbunifu asipoyaeleza hayo, mteja anabaki na picha, na picha nzuri hununuliwa tayari kwa bei ndogo sana.

Kwa hiyo natafuta maandishi. Fani yetu yenyewe imejengwa hivyo. Mwaka 2003 Dave Shea alianzisha CSS Zen Garden: ukurasa mmoja wenye maneno yale yale, na wabunifu wa nchi mbalimbali wakaalikwa kuubadili sura kwa kutumia CSS peke yake, yaani lugha ya kupanga rangi, herufi na mpangilio wa ukurasa, bila kugusa maneno. Waliokuwa na uwezo walionekana, na waliofuatilia walijifunza kwamba sura na maudhui ni vitu viwili vinavyoweza kutenganishwa. Tovuti inayojipanga yenyewe kufuata ukubwa wa kioo, jambo ambalo leo kila mteja analitaka bila hata kulitaja, ilipata jina na maelezo yake katika makala moja ya Ethan Marcotte ya Mei 2010 kwenye jarida la mtandaoni la A List Apart. Mtu alikaa chini, akaeleza tatizo, akaonyesha alivyolitatua, na wenzake wakachukua.

Kwetu Afrika Mashariki upo mfano ninaoupenda kuliko yote. Mwanzoni mwa Januari 2008, Kenya ikiwa katika vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba, Ory Okolloh aliandika kwenye blogu yake akiuliza kama kuna wataalamu wa teknolojia wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha mahali vurugu zinapotokea. Erik Hersman, naye akiwa mwanablogu, alilidaka wazo hilo. David Kobia, mtayarishaji programu Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani, akaingia kwenye kazi. Juliana Rotich akawamo. Ndani ya siku chache ramani hiyo, iliyoitwa Ushahidi, ikawa hewani, na baadaye ikatumika katika nchi nyingi. Hakuna aliyetangaza nafasi ya kazi wala kukusanya wasifu. Mwito ulikuwa aya chache zilizoandikwa wazi na mtu anayesomwa, na walioitikia walikuwa watu wenye mazoea ya kusoma na kuandika hadharani.

Tanzania tulikuwa na moto huo huo. Ndesanjo Macha alikuwa akiandika blogu ya Jikomboe kwa Kiswahili wakati wengi wetu hatujajua neno blogu, na Issa Michuzi, mpiga picha, alianza yake mwaka 2005 na nchi nzima ikawa inapita hapo kila asubuhi. Kisha zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, zilizowataka wenye blogu kusajiliwa na kulipia leseni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na wapo waliofunga. Nalisema hili kwa sababu usimhukumu mbunifu wa Kitanzania kwa kukosa blogu. Maandishi yake yatafute kwingine: maelezo chini ya kazi alizoweka Behance (mtandao wa wabunifu wa kuonyesha kazi) au LinkedIn, nyuzi zake za X, barua pepe aliyokujibu, hata ujumbe wa WhatsApp. Barua pepe moja ya kujibu karatasi yako inatosha kabisa kumpima.

Ninaposoma, nasikiliza mambo haya.

Je, anamtaja mtumiaji? "Tulitengeneza tovuti ya kisasa ya kampuni ya usafiri" haijaniambia kitu. "Abiria walikuwa wakipiga simu kuuliza saa za kuondoka, kwa hiyo tuliziweka juu kabisa ya ukurasa" imeniambia huyu mtu alikaa na mwenye basi.

Je, anaeleza alichokiacha? Mbunifu aliyekomaa ana kumbukumbu ya mawazo aliyoyajaribu yakashindikana, na anaweza kusema kwa nini. Asiye na hata moja, ama ni mgeni kwenye kazi, ama kazi haikuwa yake.

Je, anatenganisha sehemu yake na ya wenzake? Tovuti kubwa ya benki haifanywi na mtu mmoja. Akisema "mimi nilifanya ukurasa wa mikopo na kikokotoo chake", namwamini kuliko anayeweka nembo ya benki nzima kwenye orodha yake.

Na je, anajali Kiswahili? Kama wateja wako wanasoma Kiswahili, jambo hili lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kitufe kilichopimwa kwa neno fupi la Kiingereza hupasuka ukikiandika "Hifadhi mabadiliko". Mbunifu anayefikiri kwa Kiswahili analijua hilo kabla hajachora, na anajua pia kwamba "Tuma" hueleweka haraka kuliko "Wasilisha" kwa mtu anayejaza fomu akiwa amesimama kwenye daladala.

Tahadhari mbili. Wapo wanaoandika vizuri sana na kazi zao zikawa dhaifu, ndiyo maana hatua inayofuata ipo. Na wapo wabunifu hodari ambao kuandika kunawatoa jasho. Mtu wa aina hiyo mwombe akutumie sauti ya dakika tatu akieleza kazi moja tangu mwanzo. Mmoja wa wabunifu bora ninaofanya nao kazi hana sentensi tatu mtandaoni, lakini alipoanza kuongea nilisahau kuangalia saa. Ninachokitafuta ni mawazo yaliyonyooka, na njia yoyote yatakayopita inanitosha.

Hatua ya tatu: kazi zake zifungue kwenye simu yako, kwa bando lako

Usikubali kuonyeshwa kazi kwenye laptopu yake. Omba anwani tatu za tovuti zilizo hewani leo, kisha zifungue peke yako. Zima waifai, tumia bando. Simu iwe ya bei ya kawaida, ile ambayo wateja wako wanayo. Toka nje, simama juani saa saba mchana, usome.

Juani utagundua haraka maandishi ya kijivu juu ya rangi nyeupe. Kipimo kinachokubalika kimataifa, kile cha miongozo ya WCAG ya kufanya tovuti zitumike na watu wote, wakiwemo wasioona vizuri, kinataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake iwe angalau 4.5 kwa 1. Zipo tovuti za bure za kupima hilo, lakini jua la Kariakoo linakupa jibu la kwanza.

Kisha pima kasi. Ingiza anwani kwenye PageSpeed Insights ya Google, ni bure, na soma sehemu ya simu. Namba tatu ndizo za kuangalia. Kitu kikubwa kuliko vyote kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Ukigusa kitu, ukurasa uitikie ndani ya milisekunde 200. Na kipimo cha vitu kurukaruka wakati ukurasa unafunguka kisizidi 0.1, hiki ndicho kinachokuokoa usiguse tangazo pale ulipotaka kugusa namba ya simu. Namba zikiwa mbaya kidogo usimkatae mtu hapo hapo, huenda mwenye tovuti alipakia picha zake baadaye. Muulize. Jibu lake ndilo unalolipima. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera inaweza kuwa na megabaiti 4 au 5, na ikipunguzwa vizuri inashuka chini ya kilobaiti 300 bila jicho kuona tofauti. Mbunifu asiyejua hivyo anawachomea wateja wako bando.

Gusa namba ya simu: inapiga? Gusa anwani: inafungua ramani? Jaza fomu ya mawasiliano, na andika ukweli kwamba unamchunguza mbunifu. Ukijibiwa na mwenye biashara, umepata mtu wa kumuuliza, na maswali yangu kwake ni mawili tu: mlipohitaji marekebisho ilichukua siku ngapi, na je, ungempa kazi tena?

Watu huuliza pia kama kutumia kiolezo, yaani muundo wa tovuti uliokwisha kutengenezwa, ni dosari. Hapana. WordPress, programu ya kutengenezea tovuti yenye violezo vingi, ipo tangu 2003 na inaendesha sehemu kubwa sana ya tovuti za dunia, na kwa duka dogo kiolezo kizuri kilichorekebishwa kwa uangalifu kinaweza kuwa uamuzi wa busara kuliko kuanza na ukurasa mtupu. Ninachotaka ni aseme kwamba ni kiolezo, aseme alibadili nini, na bei ifanane na kazi hiyo.

Hatua ya nne: kazi ndogo ya kulipwa

Baki na watu wawili. Usiwaombe wachore bure "ili nione uwezo wako". Wenye kazi za kutosha watakuaga kwa heshima, utabaki na mwenye shida zaidi, na atakuchorea kitu cha kukupendeza macho kwa sababu hajapata nafasi ya kukuuliza chochote. Hivyo ndivyo unavyorudi kwenye kosa la picha.

Badala yake mlipe kila mmoja kwa ukurasa mmoja, hata kwa mchoro wa kalamu. Mpe ile karatasi yako na siku nne. Halafu tazama maswali atakayokuuliza siku ya kwanza. Kwa nyumba ya wageni ya Paje, mmoja wa vijana niliowapa jaribio aliuliza, "Wageni wako wengi wanaandika kwa lugha gani?" Mwingine aliuliza rangi ninazopenda. Nilijua ninayemchukua kabla hata ya kuona michoro, na michoro ilipokuja haikunibadilisha.

Ukipewa mchoro, toa pingamizi moja la makusudi. "Kwa nini bei ziko juu kuliko picha ya bahari?" Anayejibu "naweza kuzishusha ukitaka" atakufuata hata shimoni. Anayekasirika atakuchosha. Unamtaka yule anayekupa sababu, kisha anakusikiliza.

Hatua ya tano: majina, funguo, na pesa

Hapa pafupi, lakini usiruke kitu.

Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina lako au la kampuni yako, kwa barua pepe yako. Majina ya .co.tz na .co.ke hununuliwa kwa mawakala walioidhinishwa, na unaweza kuhakiki usajili kupitia huduma ya whois, inayoonyesha taarifa za usajili wa jina la tovuti. Fanya uhakiki huo kabla ya kulipa awamu ya mwisho. Malipo ya kila mwaka ya jina na ya seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, lipa mwenyewe na tunza risiti.

Nywila zote ziwe zako kwanza, mbunifu apewe akaunti yake ambayo unaweza kuifuta.

Mkataba wa kurasa mbili unatosha: kurasa gani zinatengenezwa, mizunguko mingapi ya marekebisho (mimi hutoa miwili), nani anaandika maneno, nani anamiliki picha, lini kazi inakwisha. Malipo mimi hugawa asilimia 40 mwanzoni, 30 mchoro ukikubaliwa, 30 kazi ikikabidhiwa. Anayetaka yote mwanzoni, mwache. Na mteja anayetaka kulipa yote mwishoni, mbunifu ana haki ya kumwacha.

Kama tovuti itakusanya majina na namba za watu, muulize zitahifadhiwa wapi na nani ataziona. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na anayewajibika kwa taarifa za wateja wako ni wewe mwenye biashara.

Kwa kijana anayetafuta kuchaguliwa

Kila kazi ikiisha, kabla hujasahau, andika ukurasa mmoja: tatizo lilikuwa nini, ulijaribu nini kikashindikana, uliamua nini, na mwenye kazi alisema nini mwezi mmoja baadaye. Andika kwa Kiswahili kama ndiyo lugha unayofikiria. Usisubiri kazi kubwa. Ukurasa mmoja kuhusu tovuti ya shule ya chekechea, ulioandikwa kwa uaminifu, umewahi kunifanya nimpigie simu mtu nisiyemjua na kumpa kazi ya miezi mitatu. Kazi ambayo haikuenda vizuri nayo iandike, bila kumtaja mteja.

Siku ya kukabidhiwa

Kaeni pamoja, mbunifu aweke simu yake mfukoni. Wewe fungua simu yako, ingia kwenye tovuti kwa nywila yako, badilisha bei ya kitu kimoja, na weka picha moja mpya uliyoipiga hapo hapo. Yeye akae kimya. Mama wa Paje alitumia dakika 11 mara ya kwanza, akakwama mara mbili, na zile sehemu mbili alizokwama tukazirekebisha siku ile ile. Alipojaribu tena wiki iliyofuata, akiwa peke yake jikoni kwake, alinitumia picha ya bei mpya za msimu wa kusi. Jioni hiyo ndipo nilipompa yule kijana tuliyemchagua asilimia 30 yake ya mwisho.